Simu moja, kadi sitini na tatu

Najua nimepotea. Mara ya mwisho kuandika hapa ilikuwa kabla ya UE, na mnajua wenyewe UE inavyoweza kumfanya mtu asahau hata njia ya kantini. Nimerudi, na nimerudi na ugomvi kidogo. Msinichukie.

Wiki hii habari chuoni ni TP tu. Nani kapangiwa wapi, nani kaomba Moshi kapewa Mpanda, vituko vya kila mwaka. Katikati ya hayo kuna orodha inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, zana za mtandaoni kama arobaini hivi za kumfanya mwalimu apendwe darasani: Kahoot, Padlet, Mentimeter, Plickers, GeoGebra, PhET, na nyingine sijui hata zinatamkwaje. Watu wanarushiana na vikopa vya mapenzi juu yake. Mshikaji wangu wa kitanda cha juu (tunalala dabodeka) kanionesha jana usiku, akaniambia, "Mwanangu, mimi nikifika field nawapiga Kahoot mpaka wasahau jina langu." Nikacheka mpaka machozi. Siyo kwa dharau. Nilicheka kwa sababu mwaka jana nilisema maneno hayo hayo, kwenye kitanda hicho hicho.

Nisieleweke vibaya. Mimi siyo mpinga teknolojia, na wale mlionizoea mnajua laptopu yangu nailaza vizuri kuliko ninavyojilaza mimi. Ninachogombana nacho ni hiyo orodha kukaa kama menyu ya hoteli. Unachagua, unalamba midomo, hujauliza jikoni kuna nini. Nasema hivi kwa sababu nimepikia jiko hilo wiki nane, Mgori.

Kwa msioijua, Mgori ipo Singida Vijijini, upande wa ule msitu wa miombo ambao vijiji vyenyewe ndivyo vilianza kuulinda miaka ya 1990. Ndiyo kwetu. Niliomba Singida, nikapata, nikalala kwa babu na bibi. TP inaangukia kiangazi. Upepo wa Singida mnausikia tu kwenye hadithi, mimi niliula kila siku. Vumbi linaingia darasani bila hodi na kukaa dawati la mbele. Alizeti imeshavunwa, mashine za kukamua zinaunguruma, watoto wengine wanakuja shule wananukia mafuta. Jioni ugali wa uwele na mlenda. Nilinenepa, acha tu.

Nilipewa Kidato cha Pili, Fizikia, watoto 56. Mada ilikuwa umeme. Mimi nikiwa hapa chuoni, wi-fi ya bure, nimejiegemeza natafuna mihogo, nilikuwa nimeshaandaa maswali kumi ya Kahoot yenye picha na kila kitu. Nilijua wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni. Nikawaza, si tatizo, nitaazima za walimu. Walimu wa pale ni watu wa ajabu kwa wema, nikapata simu sita. Makundi sita ya watu tisa, wawili wakazidi nikawachomeka. Laptopu yangu nikaiweka juu ya meza, meza juu ya meza nyingine, ndiyo skrini kubwa hiyo.

Dakika kumi na tano za kwanza zilikwenda kwenye kuingiza namba ya mchezo. Simu mbili hazina bando, nikazirushia intaneti kutoka kwenye simu yangu. Mtandao unapanda na kushuka kama homa. Swali la kwanza likafika makundi manne, la pili matatu. Kelele usiseme, mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia dirishani kuona kama kuna mtu kaumwa na nyoka. Watoto walifurahi, hilo siwezi kudanganya. Walifurahi sana. Kengele ilipogongwa walipiga makofi, nikatoka pale natembea kama msanii aliyeshuka jukwaani.

Usiku ndiyo nikakaa nahesabu. Maswali manne kati ya kumi. Bando la wiki limekwisha Jumanne. Na katika kila kundi aliyekuwa anabonyeza ni mmoja, yule ambaye nyumbani kwao kuna simu ya tachi. Wengine wanane walikuwa wanaangalia mpira wa watu wengine. Kama ungeniuliza usiku ule, "Haya mwalimu, watoto wako wameelewa nini kuhusu umeme?" ningekujibu kwamba wamefurahi.

Kosa siyo la Kahoot. Ilizaliwa Norway, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2013, na imechorwa kwa ajili ya darasa ambalo kila mtoto, au kila kikundi kidogo, kina kifaa mkononi na mtandao haukohoi. Tena pointi zake zinakwenda kwa kasi: mtu akijibu sawa haraka anapata nyingi kuliko aliyejibu sawa polepole. Hapo mimi ndipo ninapopata kigugumizi hata kama mtandao ungekuwa wa kurukaruka. Mtoto kasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kaingia Kidato cha Kwanza kila somo limegeuka Kiingereza, halafu mimi naweka saa inayorudi nyuma juu ya kichwa chake asome swali la Fizikia. Anashindana kujua umeme au anashindana kusoma? Nadhani mwenye jibu ni yule aliyeshinda, na aliyeshinda kwangu alikuwa mtoto aliyewahi kusoma shule ya Kiingereza mjini.

Sasa kilichonibadilisha hakikutoka kwenye orodha wala kwenye semina. Kilitoka kwa babu.

Tumekaa nje tunakula, namsimulia bibi habari za simu sita, bibi anacheka, ananiita "mume wangu umechoka." Babu kanyamaza. Baadaye akauliza, "Hizo simu sita zote za nini? Sisi redio ilikuwa moja."

Nikajua linakuja somo la enzi za Mwalimu, nikajiandaa kusinzia. Kumbe. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya elimu kwa njia ya redio, Mtu ni Afya. Nchi nzima watu walikaa kwenye vikundi, watu kama milioni 2, wakafundishwa kuhusu malaria, kipindupindu hakijaja bado lakini kuhara kupo, maji, vyoo. (Nimekuja kuisoma hapa maktaba niliporudi, babu hakunidanganya.) Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu. Mnakaa chini ya mti, redio inawashwa, mnasikiliza kipindi, halafu redio inazimwa. Babu alilirudia hilo mara mbili, "inazimwa." Kijitabu kinasomwa kwa sauti, watu wanabishana, wanaamua, kesho yake mtu anachimba choo. Redio moja, kijiji kizima, na aliyekuwa anafikiri siyo redio.

Nililala nikiwa na aibu kidogo. Mimi nilikuwa nimewasha vifaa saba na sikuzima hata kimoja.

Kesho yake nikairudia ile orodha, safari hii nikiuliza swali la babu: ipi inaishi na simu moja? Nikaliona jina nililokuwa nimelipita mara kumi, Plickers. Ngoja nieleze taratibu kwa sababu wengi mmelipita pia.

Ni hivi. Unaprinti kadi za karatasi. Kila kadi ina mchoro wake wa miraba myeusi na myeupe, hakuna mbili zinazofanana, na ina namba. Kadi namba 5 ni ya mtoto wa tano kwenye mahudhurio, basi. Mchoro una pande nne, pembeni kumeandikwa herufi A, B, C, D kwa maandishi madogo kabisa. Unauliza swali, mtoto anainua kadi yake akiwa ameelekeza juu ile herufi ya jibu lake. Wewe unasimama mbele na simu yako, unapitisha kamera darasani kama mtu anayepiga video ya harusi, na simu inasoma nani kajibu nini. Kwenye kioo chako majina yanakuwa ya kijani kwa aliyepata na mekundu kwa aliyekosa. Wao hawana chochote cha kuchaji. Na jirani hawezi kuibia kwa sababu mchoro wako siyo wake na herufi hazionekani kwa mbali. Hakuna pointi za kasi. Aliyefikiri dakika nzima na aliyefikiri sekunde tano wanaonekana sawa.

Jumamosi nikapanda gari la asubuhi kwenda Singida mjini, nikaingia steshenari. Seti kubwa ina kadi 63, mbili kila ukurasa, kurasa 32. Shilingi 200 kwa ukurasa, 6,400. Nilitaka pia ziwekwe nailoni ngumu ili zidumu, dada wa steshenari akanitajia bei nikasema Mungu akubariki. Baadaye nikajua ni afadhali, kwa sababu zikiwa na mng'ao na jua linaingia dirishani kamera haisomi kitu. Nikanunua gundi, nikarudi, nikaomba maboksi matupu dukani, Jumapili nzima mimi na wadogo zangu tunakata na kubandika barazani, kuku wanapita juu ya kazi yetu. Pesa yote ilitoka kwenye salio la bumu, na wanaojua bumu langu lilivyokuwa mwezi ule watanipa pole.

Jumatatu. Watoto waliokuwepo walikuwa 52. Swali la kwanza, kwa Kiingereza kama sheria inavyotaka, niliandika ubaoni: una betri na balbu moja inawaka, ukiongeza balbu ya pili inayofanana nayo kwenye waya huo huo, moja baada ya nyingine, ile ya kwanza inakuwaje? Majibu manne: inang'aa zaidi, inafifia, inabaki vilevile, inazimika kabisa. Wakainua kadi. Nikapitisha simu. Waliopata walikuwa 14.

Hebu fikiria hiyo namba. Watu 52, majibu manne. Wakifumba macho wote na kubahatisha, unategemea kama 13 wapate. Yaani darasa langu zima lilikuwa limefumba macho, na mimi wiki nzima nilikuwa nauliza "Mmeelewa?" wakinijibu "Ndiyo mwalimu!" kwa sauti moja nzuri kama kwaya.

Nikafuta, nikaliandika swali lile lile kwa Kiswahili. Sikufundisha neno hata moja katikati. Kadi zikainuka, na nikiwa nimesimama pale nikaona zinavyogeuzwa mikononi. Waliopata walikuwa 33.

Nilikaa kimya mbele ya darasa mpaka wakaanza kuguna. Watoto kumi na tisa walikuwa wanajua Fizikia, na mimi nilikuwa najiandaa kuwaandikia kwamba hawajui. Walichokuwa hawajui ni neno la Kiingereza la kufifia.

Ila msikimbilie kusherehekea, kwa sababu swali la pili lilinishusha. Nikaliuliza kwa Kiswahili moja kwa moja: mkondo wa umeme unaoingia kwenye balbu ya kwanza na ule unaotoka kwenda balbu ya pili, upi mkubwa? Waliopata 11. Chini ya kubahatisha! Wengi walisema unaoingia ni mkubwa, kwa sababu balbu ya kwanza "imeshakula" mwingine. Hapo Kiingereza hakina kosa. Hilo ni wazo ambalo watoto wanalo duniani kote, wanaosomea ualimu wa Fizikia mnakumbuka tulivyofundishwa, kwamba mtoto anaufikiria umeme kama chakula, kinapungua kila kinapopita. Tofauti ni kwamba kwenye mhadhara nililiandika kwenye notisi, na Mgori nililiona likiwa na majina 41 mekundu.

Kwa hiyo ndani ya dakika kumi, simu moja na maboksi ya dukani yalinionesha kwamba kukosa kuna aina mbili na kila moja inataka dawa yake. Hicho ndicho ninachokiita zana. Ile burudani ya siku ile nyingine naiita burudani.

Sasa kati ya wale 11 kulikuwa na kadi namba 23. Ni binti anayekaa dawati la mwisho karibu na dirisha, wiki tatu sijawahi kuona mkono wake juu. Nitasema ukweli ingawa unaniaibisha: kwenye daftari langu la maandalizi nilikuwa nimeshamweka kwenye kundi la wanaohitaji msaada. Sikumtangaza. Nilijifunza mapema kwamba ukimtangaza mtoto mkimya ndiyo umemfunga mdomo mwaka mzima. Nilipita karibu yake wakati wanaandika, nikamuuliza chini chini kwa nini amesema ni sawa. Akaangalia daftari. Akaniambia kwa Kiswahili chenye Kinyaturu ndani yake kwamba mpira wa kumwagilia vitunguu kama hauna tundu, maji yanayoingia huku ndiyo yanayotoka kule, hata kama katikati kuna mahali umekanyagwa.

Mimi nimesoma Fizikia mpaka chuo kikuu na sijawahi kupewa maelezo mazuri kuliko hayo. Kipindi kilichofuata nilifundisha kwa mpira wa maji.

Na hapo ndipo laptopu ikapata kazi yake halali. PhET, mnaikumbuka kwenye orodha, ni majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta, ilianzishwa 2002 Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Nobeli ya Fizikia. Uzuri wake ambao orodha haiusemi ni kwamba jaribio unaweza kulipakua ukiwa hapa kwenye wi-fi, likakaa kama faili, likafunguka huko porini bila mtandao kabisa. Nilikuwa nalo la saketi. Unaunganisha betri, waya, balbu, unaona vidoti vya umeme vinatembea, unaweka amita kabla ya balbu na baada ya balbu, namba ni ile ile. Watoto 56 hawawezi kuona skrini ya laptopu moja, usijidanganye. Nilifanya kwa zamu, kumi kumi mbele, wengine wanachora saketi na kutabiri amita itasoma ngapi KABLA ya kuja kuangalia. Waliokuwa wanasubiri walikuwa wanabishana kuliko waliokuwa wanatazama. Kisha nikafunga laptopu. (Nikamkumbuka babu.) Betri mbili za tochi, balbu mbili, vipande vya waya, tukafanya kwa mikono.

Kwa haki niseme, ile tochi peke yake ingenifikisha nusu ya safari bila bando hata moja. Amita halisi iliyopo ni moja na inatunzwa kama yai. Sasa ukiwa na tochi halafu ukang'ang'ania skrini ili picha ipendeze kwenye WhatsApp, hapo unamfundisha nani?

Rafiki zangu wa Hisabati, GeoGebra ni hivyo hivyo, inakaa ndani ya kompyuta bila mtandao. Aliianzisha Markus Hohenwarter mwaka 2001 akiwa mwanafunzi Salzburg, Austria, mwanafunzi kama sisi, kwa ajili ya kazi yake ya shahada. Na wa Historia na Jografia kuna Kiwix, unaibeba Wikipedia ya Kiswahili nzima kwenye simu. Hizo sizisemei sana, sikuzifundishia, ningekuwa nawauzia mbuzi kwenye gunia.

Najua mtakachosema. Wa kwanza atasema, "Kaka, tusubiri vifaa vije." Vimekuja vingine. Vile vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, na hiyo ni hatua, nimeona mwalimu anaandalia somo kwenye kishikwambi chake usiku umeme ukiwa umekatika. Lakini ni kifaa cha mwalimu. Bado ni kimoja mbele ya watu 56, yaani tumerudi kwa redio ya babu. Kila mtoto na chake? Ilijaribiwa hapa hapa Tanzania. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji kama 170 vya Tanga, programu za Kiswahili ndani, kuchaji kwa sola, na watoto ambao wengi hawakuwa shule wakaanza kusoma na kuandika. Washindi, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10 mwaka 2019. Nalitaja kwa furaha, linaonesha mtoto wa kijijini hakosi akili ya kutumia kifaa. Lakini angalia kilichofanya kazi pale: Kiswahili, na kutohitaji mtandao wa kila dakika. Hayo mawili hayana bei ya dola milioni 10. Hayo tunaweza kuyachukua bila kumsubiri mtu.

Wa pili atasema, "Acheni mbwembwe, chaki inatosha, sisi tulisoma kwa chaki." Huyu ananiudhi zaidi. Wewe ulisoma kwa chaki ukafaulu, ndiyo maana uko hapa unaongea. Wangapi walikuwa kwenye darasa lako na hawapo hapa? Chaki yangu wiki tatu ilikuwa inaniletea "Ndiyo mwalimu!" Kadi za maboksi ndizo zilizoniambia ukweli, na zingekuwepo tangu wiki ya kwanza nisingemwandika yule binti nilivyomwandika.

Na kuna jambo lingine sijalimaliza moyoni. Siku aliyokuja msimamizi wa kunikagua nilifundisha kwa Kiingereza mwanzo mwisho, kadi nikaziacha ofisini. Niliogopa. Niliogopa ataona Kiswahili ubaoni akanikata alama, niliogopa mtandao utanitia aibu. Darasa likarudi kuwa kwaya. Nikapata alama nzuri tu. Sijui nifanye nini na alama hizo, zipo kwenye matokeo yangu na zinanipandisha wastani, na kila nikiziona naona wale watoto kumi na tisa wamerudishwa gizani kwa dakika arobaini ili mimi nipendeze. Msimamizi hakunilazimisha, wala hakuniuliza. Nililijenga woga mwenyewe.

Kwa hiyo wale mnaokwenda, mkiwa bado hapa kwenye wi-fi, pakueni mnachoweza kupakua na mkijaribu mkiwa mmezima data, siyo mkifika huko. Ulizeni shule mnayokwenda ina nini kabla ya kuchagua mchezo, simu ya mkuu wa shule siyo siri ya jeshi. Maswali yaandikeni kwa lugha zote mbili, mtaona wenyewe pengo likoje. Mkienda na kadi, wafundisheni watoto kushika pembeni, kidole kikifunika weusi kamera haisomi, na zikikunjwa ndiyo basi. Na wale wa mbele waambieni wasiinue juu sana, wanawaziba wa nyuma. Hilo la mwisho lilinichukua wiki nzima kuligundua, nikidhani simu yangu mbovu.

Wewe wa kitanda cha juu, Kahoot yako nenda nayo, ukipangiwa mahali penye maabara ya kompyuta inayowaka nitakula maneno yangu na nitakununulia chipsi mayai. Ukipangiwa kama nilivyopangiwa mimi, kadi zangu ziko chini ya kitanda kwenye boksi la viatu, uziazime, unirudishie. Utakuta ziko 62. Namba 23 haipo, siku ya mwisho wakati nazikusanya haikurudi, na aliyenayo namjua. Sikumuuliza. Utaprinti nyingine, ni shilingi 200.